Mbwa wa marehemu mume wangu hasimami tena, na nyumba nzima imegawanyika

Shikamoo Anti,

Mimi ni mjane wa miaka 44, naishi Njiro hapa Arusha na mwanangu wa mwisho pamoja na mama mkwe. Binti yangu mkubwa anasoma India. Nakuomba usicheke, maana tatizo langu ni mbwa, na hapa nyumbani hakuna mtu ninayeweza kumweleza mpaka mwisho bila kukatizwa.

Bosko ni German Shepherd, ana miaka 10. Marehemu mume wangu alimfuata Nairobi akamvusha Namanga akiwa na miezi minne, na kadi yake ya chanjo na cheti cha ukoo kinachotaja baba, mama, mababu na mabibi. Mume wangu alikuwa akiwatania wageni kwamba mbwa huyu anaujua ukoo wake kuliko sisi sote. Cheti hicho mpaka leo kimetundikwa sebuleni kwenye fremu, jirani na picha yetu ya harusi. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa figo, baada ya kulazwa hospitali muda mrefu.

Mwanzoni mwa mwaka huu Bosko alianza kuyumba nyuma. Tulisikia kwanza kabla ya kuona: kucha za miguu ya nyuma zikikwaruza sakafu ya kibaraza kila akitembea. Kucha za katikati zililika mpaka zikatoa damu. Sasa hainuki mwenyewe. Mlinzi wetu, mzee wa Kimasai aliyemlea tangu mdogo, anampitishia khanga chini ya tumbo, anamnyanyua nyuma, naye anatembea kwa miguu ya mbele. Wanakwenda hivyo hadi kwenye mparachichi, anajisaidia, wanarudi. Siku nyingine hawawahi. Usiku anajikojolea, na juzi tumekuta kidonda pajani.

Lakini Anti, anakula! Ugali wa dona na dagaa anamaliza na sahani anailamba. Bodaboda ikipita anabweka kama zamani. Gari likipiga honi getini anainua kichwa.

Daktari wa mifugo amempima, akampiga na picha, akasema ni ugonjwa wa uti wa mgongo, hauna tiba, na kwa maoni yake tumpumzishe kwa sindano. Hapo ndipo vita vilipoanza. Binti yangu anasema nisubiri mpaka Desemba akija likizo, na nikimuua kabla ya hapo hatanisamehe. Ametumia neno hilo hilo, nikimuua. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anasema nachezea hela ya ada za watoto, kwamba sumu ya panya ya shilingi elfu mbili inamaliza kazi, na ameshaahidi kuniletea kitoto kingine cha German. Mama mkwe alinikuta jikoni nikilia huku nachemsha maji ya kumsafisha mbwa. Alinitazama, akasema, "Mwanangu hukumlilia hivi." Ni kweli. Msibani sikulia, na watu waliona. Nilikuwa na wageni wa kulisha, jeneza la kupeleka Machame, na mtoto wa miaka saba aliyeng'ang'ania gauni langu.

Mtoto huyo sasa ana miaka 10. Alimsikia daktari akitaja sindano. Usiku akaniuliza, "Mama, na baba naye alichomwa?" Nilishindwa kujibu. Nikamwambia Bosko atapelekwa shamba Monduli akapumzike. Hakuniamini. Tangu siku hiyo haendi shule mpaka azunguke nyuma ahakikishe mbwa yupo.

Anti, nimwambie nini? Siku yenyewe nitaijuaje, ikiwa mbwa anakula na kubweka? Na je, ni aibu kumlilia?

Mama wa Njiro, Arusha

*

Marahaba, mdogo wangu. Sijacheka.

Naanza na mtoto, kwa sababu hao wengine wote ni watu wazima na wanaweza kusubiri zamu yao.

Mwanao hakukuuliza habari za mbwa. Alimwona baba yake kitandani hospitali, akaona watu wanaingia na sindano na kutoka, kisha baba akarudi kwenye jeneza. Sasa amesikia daktari mwingine, nyumbani kwake, anasema sindano itamaliza maisha ya Bosko. Amejumlisha, na kwa akili ya mtoto jumla imekuja sawasawa. Kila siku unayokaa kimya jumla ile inakomaa. Siku atakayougua malaria akaambiwa anachomwa ndipo utakapoiona, maana hutaweza kumfikisha mlangoni.

Kwa hiyo mweleze leo, kabla hata hujaamua lolote kuhusu mbwa. Usimweleze mezani mbele ya bibi yake. Mkae wawili, ikiwezekana huku mkifanya kazi ya mikono, kuchambua mchele au kumsugua Bosko, maana watoto wa kiume wa umri huo huzungumza vizuri zaidi wakiwa hawatazamwi usoni. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Hapana, baba hakuchomwa sindano ya kufa. Figo zake zilishindwa kufanya kazi. Kila sindano aliyochomwa ilikuwa ya kumsaidia apone au asisikie maumivu. Madaktari walijaribu, mwili ukashindwa. Sindano ya Bosko ni nyingine kabisa. Ni ya wanyama, na kwetu sheria hairuhusi kumfanyia mtu hivyo." Kisha nyamaza. Atauliza jambo la ajabu, pengine kama sindano hizo huweza kuchanganywa. Jibu lile aliloliuliza tu.

Na ile habari ya Monduli ifute kwa mdomo wako mwenyewe. Mwambie ulisema hivyo kwa sababu ulikuwa na huzuni, na kwamba si kweli. Usiweke badala yake "atalala" wala "atasafiri". Mtoto aliyefiwa na baba anahitaji kuwa na uhakika kwamba aliyelala ataamka na aliyesafiri atarudi. Sema atakufa.

Sasa mbwa mwenyewe. Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa mifugo ninayemwamini, nikamsomea ulivyoeleza zile kucha. Alisema dalili zako zinafanana na ugonjwa wa kuchakaa kwa uti wa mgongo, ambao German Shepherd wanao sana. Ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1973, na mwaka 2009 watafiti wakaukuta unahusiana na hitilafu katika jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo SOD1, ambayo kwa baadhi ya binadamu nayo hufungamana na ugonjwa wa kupooza polepole wa neva za misuli. Mara nyingi huanza mbwa akiwa na miaka minane au zaidi. Nyuma hulegea, miguu hukunjana na kupishana, nyayo hupinduka, kisha mkojo na choo hushindikana kuzuiwa, halafu udhaifu hupanda hadi miguu ya mbele.

Jambo moja alilosema ndilo nililotaka likufikie zaidi: ugonjwa huu wenyewe hauumi, na hauigusi akili. Ndiyo maana Bosko anabweka bodaboda na kulamba sahani. Sisi tumezoea kwamba mnyama anayekula bado ana siku zake, na kwa ng'ombe au mbuzi mara nyingi ni kweli. Kwa ugonjwa huu chakula ni kipimo kinachodanganya. Ukisubiri Bosko akatae dagaa ndipo ujue siku imefika, utakuwa umempitisha mbali sana, kwa sababu anaweza kula vizuri huku vidonda vimefika mfupani.

Muulize daktari wako swali moja bado: ana uhakika gani kwamba si diski ya kati ya pingili iliyochomoza ikabana uti, au nyonga zilizokwisha? Eksirei ya kawaida haiuoni ugonjwa huu. Mbwa akiwa hai, daktari huufikia kwa kuondoa mengine moja baada ya jingine, na uhakika kamili hupatikana uti ukichunguzwa baada ya kifo. Akikujibu kwa utulivu na kukuonyesha alichokiondoa, mwamini. Na tafadhali, mtu asimpe diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa eti kumtuliza. Dawa hizo zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo, na nyumba yako imeshachoka na habari za figo.

Kipimo basi ni nini? Yupo daktari wa Marekani, Alice Villalobos, aliyetunga mwaka 2004 orodha ya mambo saba: maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo lapewa alama hadi 10, na jumla ikizidi 35 mbwa bado anaweza kuendelea kutunzwa. Mimi alama hazinikai, lakini orodha ni nzuri kwa sababu inakulazimisha kutazama upande wa nyuma wa mbwa, wakati wewe kwa mapenzi unamtazama usoni. Kwa Bosko ningetazama usafi kwanza. Manyoya yaliyolowa mkojo, kidonda pajani na nzi wa Arusha ni hatari inayokuja haraka kuliko uti wa mgongo. Nzi hutaga mayai kwenye kidonda kama hicho, na funza wakishaingia, hayo ndiyo maumivu ambayo ugonjwa wenyewe haukumletea. Ukikuta funza, usisubiri kikao cha familia.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye katika barua yako nzima hakuulizwa neno: yule mzee mlinzi. Yeye ndiye anayeshika ile khanga. Anajua Bosko anachangamka kwenda kwenye mparachichi au anavutwa. Anajua usiku analia au halii, wakati nyie mmelala. Tena ni mtu aliyekulia kwenye mifugo, ameona wanyama wengi wakifika mwisho wao kuliko mimi na wewe na binti yako wa India. Mkalie chini umuulize, "Mzee, wewe unamwonaje?" Nami nadhani jibu lake analo siku nyingi, amekaa nalo tu kwa sababu mbwa ni wa mwenye nyumba.

Binti yako nampenda bila kumjua, lakini Desemba ni tarehe ya tiketi ya ndege. Haina uhusiano wowote na miguu ya Bosko. Yeye anamkumbuka mbwa aliyemwacha akikimbia. Mpigie simu ya video, si wakati Bosko anabweka bali asubuhi, wakati wa kumwinua na kumsafisha, na umwache atazame mpaka mwisho. Usimhubirie. Mwombe azungumze na mbwa wake kwa simu siku ya sindano, aseme anachotaka, maana sauti ataitambua. Kama bado atasema unamuua, pokea, nyamaza, na uendelee. Aliye mbali ana haki ya kukasirika, ila uamuzi hauwezi kuwa wake, kwa sababu si yeye anayechemsha maji.

Shemeji. Hapa sina upole. Sumu nyingi za panya hufanya kazi kwa kuzuia damu kuganda, na mnyama huvuja damu ndani kwa ndani kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Zile kali za haraka hukakamaza misuli huku mbwa ana fahamu zake zote. Na chochote kilichomuua kinaweza kumuua paka wa jirani atakayegusa mabaki au matapishi. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Mwambie hilo kwa heshima zote anazostahili mdogo wa marehemu, kisha hiyo sumu akaitege kwenye ghala lake. Kuhusu ada ana hoja, nami sitajifanya simwoni: matibabu ya mbwa asiyepona yanaweza kula hela ya mtoto. Lakini sindano ni gharama ya mara moja, na kwa hali ilivyo ndiyo nafuu kuliko kuendelea.

Kitoto kipya akiweke kwanza. Mtoto wako asije akajifunza kwamba anayekufa hubadilishwa wiki hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, kuna jambo la kile cheti cha ukutani. German Shepherd kama aina ilianzishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899, na tangu hapo wanazaliana ndani kwa ndani ya ukoo wao. Uzuri unaopendwa hurithiwa, na magonjwa ya nyonga na uti hurithiwa vile vile. Kwa ugonjwa huu, mbwa aliye hatarini ni yule aliyerithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, na kipimo cha jeni kipo. Kwa hiyo ikitokea miaka ijayo mkataka mwingine, muuzaji asiwaonyeshe majina ya mababu tu. Aonyeshe majibu ya nyonga na ya jeni ya wazazi wote wawili. Na kama mawasiliano ya yule aliyemuuzia mumeo bado yapo, mjulishe kilichompata Bosko. Huenda ndugu zake bado wanazalishwa.

Nije kwa mama mkwe. Lile neno alilokuambia jikoni ni zito, nami nimelisoma mara mbili. Usijitetee kwake. Ukianza kueleza habari za wageni na jeneza, naye ataeleza yake, na mtamaliza mkiwa mnashindana nani alimpenda zaidi. Mwambie tu, "Mama, kweli, sikulia. Sikupata nafasi." Halafu mkaribishe. Mwanamke huyo amezika mwanawe, na mbwa aliyekuwa akimkimbilia mwanawe getini anakwisha mbele ya macho yake, nyumbani kwa mkwewe, bila mtu kumuuliza anaonaje. Mimi katika yale maneno nasikia kufiwa zaidi ya lawama. Mwombe siku ya sindano awepo, au awe ndani akiomba, atakavyo yeye.

Umeniuliza kama ni aibu. Mbwa hawekewi matanga, hilo tunalijua, na huna haja ya kumwambia jirani wala kuomba ruhusa kazini kwa sababu ya mbwa ikiwa unaona watu watakusema. Lakini sitakuambia pia kwamba machozi haya ni ya mumeo yamepitia kwa mbwa. Watu hupenda kusema hivyo ili kumtoa mbwa kwenye hesabu. Huenda ni ya wote wawili. Huenda ni ya Bosko peke yake, na mbwa aliyelinda nyumba yako miaka 10 anatosha kuliliwa. Lia jikoni, lia barazani. Mtoto akikuona, vizuri, atajua kwamba nyumbani kwenu kulia kunaruhusiwa, na ninahisi naye amekuwa akisubiri kujua hilo tangu msiba wa baba yake.

Siku yenyewe iende hivi. Mwombe daktari aje nyumbani, Ijumaa jioni au Jumamosi, ili mtoto asilazimike kwenda shule kesho yake. Muulize mapema: atamlaza kwanza usingizi mzito kwa dawa kabla ya sindano ya mwisho? Jibu liwe ndiyo. Dawa inayotumika sana duniani kwa kazi hii ni pentobabitoni, ambayo ni dawa ya usingizi iliyozidishwa; mbwa hupoteza fahamu kwa sekunde chache na moyo husimama baada ya dakika chache. Si kila daktari wetu anayo, na wapo wanaotumia chumvi za potasiamu au magnesi. Hizo, mbwa akiwa macho, ni ukatili. Zinakubalika tu akiwa amezama kabisa kwenye usingizi wa dawa. Daktari mzuri hatakasirika ukimuuliza.

Mweleze mtoto kitakachoonekana, kisha umwachie achague kuwepo, kuaga kabla, au kutokuwepo, na aruhusiwe kubadili mawazo dakika ya mwisho. Macho ya mbwa hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili kwa nguvu baada ya kufa, misuli ikatikisika, mkojo ukatoka. Asiyeambiwa hudhani amefufuka au anateseka. Mpeni dagaa kidogo kabla, daktari akiruhusu. Kichwa akishike mzee mlinzi, kama atakubali. Mbwa amezoea mikono yake.

Kaburi lichimbwe kabla daktari hajafika, lenye kina cha zaidi ya mita moja, mbali na kisima. Dawa ile hubaki mwilini, na mbwa wengine au ndege wakifukua wakala, nao hufa. Kama nyumba ni ya kupanga, omba idhini ya mwenye nyumba kwanza.

Na hela ya daktari mlipe mapema, mkiwa getini, hata kabla hajafungua mkoba, ili baadaye mtu asianze kutafuta chenji au kuuliza namba ya kutumia pesa wakati mtoto bado amepiga magoti pale chini.